Sauti Iliyomfukuza Mwewe

Mjukuu wangu alipewa jina langu, Mugure, kwa hivyo mahali popote jina hilo lilipoitwa mimi ndiye nilikuwa naitika. Yeye asingeweza. Alikuwa na miaka minne, na hapa shingoni, kwenye kile kishimo cha chini ya koo, alikuwa na paipu ndogo ya plastiki iliyofungwa kwa utepe mweupe. Pumzi yake iliingilia hapo na kutokea hapo. Haikuwa inafika juu kooni, na mahali pumzi haifiki sauti nayo haipo. Akilia unaona machozi, unaona mdomo umefunguka wote, lakini unachosikia ni upepo tu kwenye paipu, fyuu, fyuu, kama gurudumu la baiskeli linapotolewa upepo.

Mama yake, Sue, ni kitinda mimba wangu. Anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha na anaishi Kihoto. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo hata ungemlaza kwenye viganja viwili na nafasi ibaki. Wakampitishia paipu ya kupumua mdomoni, ikakaa wiki saba. Hiyo ndiyo ilimwokoa, wacha niseme hivyo kwanza. Lakini ilipotolewa iliacha kidonda, kidonda kikawa kovu, na kovu likaendelea kubana njia ya hewa. Alipofika miezi minane alikuwa akivuta pumzi mpaka mbavu zinaingia ndani. Ndipo wakamtoboa shingoni akapata kupumua. Sue akarudi kazini, na mimi nikamleta mtoto huku kwangu Dundori, juu kwa baridi, kwenye viazi na ng'ombe mmoja na kuku.

Mtoto wa paipu hahitaji mtu mwenye akili nyingi. Mimi niliacha shule darasa la nne. Anahitaji mtu asiyechoka. Nilifundishwa kusafisha paipu, kubadilisha utepe, kunyonya makohozi kwa mashine ya kukanyaga na mguu, kama cherehani. Jikoni nilihama, nikawa napika nje chini ya mabati, moshi usimfikie. Vumbi likianza namfunga kitambaa laini shingoni. Mvua ikinyesha nafurahi, kwa sababu vumbi limelala.

Na tulikuwa na lugha yetu. Nilimpa mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia na kijiko. Akigonga mara moja, maana yake njoo. Mara mbili, maji. Mara tatu, choo. Na akikwaruza mkebe kwa ule mkono wa kijiko, krrr, maana yake paipu inaziba. Hiyo ya kukwaruza hata ungenikuta nakamua ng'ombe ningeangusha ndoo. Hizo zingine nilikuwa nazijua kabla hata hajagonga. Akiinua tu kijiko, kikombe cha maji kiko mbele yake. Watu walikuwa wakija nyumbani wananisifu. Zeddy, jirani yangu wa ng'ambo ya bonde, anayeniita shosho, yaani bibi, kama kila mtu, alikuwa anasema, "Shosho, wewe unamsikia huyu mtoto na ngozi." Nami nilikuwa najisikia vizuri, sitakataa.

Halafu kulikuwa na mwewe.

Huku kwetu mwewe hafukuzwi kwa mawe, anafukuzwa kwa mdomo. Mtu wa kwanza kumwona anapiga ukelele, jirani anaudaka, wa mbele yake anaudaka, mpaka bonde lote linapiga kelele na mwewe anakosa mahali pa kutua. Mugure ndiye alikuwa wa kwanza kumwona siku zote. Mtoto asiyesema anaona mengi. Alikuwa anakimbia uani, mikono juu, anafungua mdomo mpaka kilimi kinaonekana, na hakuna kitu. Kisha anageuka kuniangalia, nipige ule ukelele wake. Nilikuwa napiga kwa niaba ya sisi wawili.

Siku moja nilikuwa nimeenda kisimani. Nilipanda na maji nikamkuta amesimama katikati ya uwanja, mikono bado iko juu, mdomo bado uko wazi. Kifaranga chake chenye madoa, kile alichokuwa anakibeba mfukoni, hakikuwapo. Siku hiyo hakula. Na mimi nilikaa nikijiuliza, huyu mtoto siku nisipokuwepo ataita nani, na ataita na nini? Shule ya chekechea nilikuwa nimeenda kuuliza. Mwalimu mkuu, mama mpole, aliangalia ile paipu akaniambia, "Shosho, mlete ikitoka. Tukiwa na watoto arobaini, nani atasikia huo mkebe?" Sikumkasirikia. Alikuwa amesema ukweli.

Miaka miwili nilizunguka na faili. Jumatatu ni koo, Jumatano ni masikio, Ijumaa ni lishe, kila mtu na mlango wake, kila mtu na karatasi yake. Huyu ananiambia uji uwe mzito, yule ananiambia uji uwe mwepesi. Nilikuwa natengeneza masufuria mawili na kuomba Mungu achague. Kisha nikapewa barua kwamba hospitali fulani huko Nakuru imeanzisha kliniki ya pamoja ya watoto wa koo, pua na masikio, mara moja kwa mwezi, siku ya Alhamisi.

Sista mmoja, anaitwa Wawira, alitoka na faili akaita kwenye korido, "Mugure!"

"Niko," nikasema, nikasimama.

"Shosho, namwita mgonjwa."

"Sisi wote ni Mugure, sista."

Akatuangalia, mrefu na mfupi, akacheka. "Haya, ingieni wote. Mugure mkubwa na Mugure mdogo."

Nilipofungua mlango nilirudi nyuma. Kulikuwa na meza moja kubwa na watu sita wameizunguka, wengine na makoti meupe, na televisheni ukutani. Nikajua nimeingia mkutano wa wakubwa. Nilikuwa nimeshaanza kuomba msamaha wakati mtu mmoja mrefu, mikono yake mikubwa kama ya mtu anayekamua ng'ombe kumi, alipoinuka na kunivutia kiti.

"Mama, unaenda wapi? Sisi tunakungoja wewe."

Mimi. Walikuwa wananingoja mimi na mkebe wangu.

Huyo ndiye Daktari Kosgei, wa kupasua. Akawataja wenzake mmoja mmoja: wa mapafu, wa usingizi, wa kupima masikio, wa lishe, na binti mmoja mwembamba anaitwa Cheruto, wa kufundisha usemi na kumeza. Kisha Kosgei akasema, "Sasa tuambie. Wewe ndiye unakaa na yeye. Tuanze na nini?"

Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu mwenye koti jeupe. Nikaanza na uji. Nikawaambia habari ya masufuria mawili. Wa lishe akasema ndiyo, yeye anataka mzito kwa sababu mtoto hana kilo. Cheruto akasema anaogopa mzito sana utamkaba. Wakaangaliana juu ya meza, wakaongea maneno machache, Cheruto akampa Mugure kijiko kimoja mbele ya wote akiwa amemwekea vidole kooni. "Mzito kidogo, uwe na siagi ndani, kijiko kidogo," wakasema pamoja. Ugomvi wa miaka miwili, na wao hawakuwa wanajua kwamba wanagombana. Ulikwisha kabla chai waliyonipa haijapoa.

Yule wa masikio akasema masikio yote mawili yana maji ndani, mtoto anasikia kama mtu aliye chini ya blanketi. Wa mapafu naye alitaka kuchungulia kifua. Kosgei alitaka kupanua lile kovu. Nikahesabu kwa vidole, hizo ni safari tatu za kumlaza mtoto kwenye dawa, na mimi kila akilazwa nakufa kidogo.

"Hapana," akasema daktari wa usingizi, mzee mwenye miwani, mpole. "Mimi nitamlaza mara moja tu. Hawa watapanga laini. Mmoja akitoka mwingine anaingia."

"Kwa usingizi mmoja?"

"Usingizi mmoja, shosho. Akiamka kazi tatu zimekwisha."

Na ikawa hivyo. Alipoamka alikuwa na vijibomba masikioni vidogo kama punje ya mtama, na kifua kimeangaliwa, na koo limepanuliwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuka. Mtu alikuwa ameangusha kijiko mwisho wa wodi, na mtoto wangu akageuka. Nikaona uso wake unauliza, kumbe dunia ina kelele hivi?

Baadaye Kosgei aliniita mbele ya ile televisheni. Mimi nimechinja kuku na mbuzi maisha yangu yote, koo nalijua. Lakini hilo lilikuwa koo la mtu aliye hai, la mtoto ninayemwogesha. Lilikuwa jekundu, linang'aa, lina mikunjo miwili myeupe iliyosimama kama mapazia madogo mlangoni. "Hapo ndipo sauti inakaa," akasema Kosgei. "Nyuzi zake ziko nzima. Hazijawahi kufanya kazi hata siku moja." Chini ya hayo mapazia akanionyesha njia ilivyokuwa: tundu dogo, mrija wa wino wa kalamu ungepita kwa shida. Kisha akanionyesha ilivyo sasa. Kidole changu kidogo kingeingia. Nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa mlango akaona Mungu anavyofanya kazi yake kabla hajamaliza.

Ndipo tukapewa kifuniko. Ni kakitu kadogo ka zambarau, kanawekwa kwenye mdomo wa paipu. Kanaruhusu hewa kuingia lakini hakairuhusu kutoka, kwa hivyo hewa inalazimika kupanda juu kooni, ipite kwenye yale mapazia, itokee mdomoni na puani. Akilala kanatolewa. Akiwa macho nisiondoe jicho.

Kosgei alinieleza bila kuzungusha. "Kliniki ya mwisho wa Novemba ndiyo siku yetu. Akiweza kukaa na hiki kitu toka anapoamka mpaka anapolala, na hewa ipite vizuri huko juu, tutamlaza wodini, tuizibe paipu kabisa, tumwangalie mchana na usiku, halafu tuitoe. Januari aende shule na wengine."

"Na asipoweza?"

"Tutangoja. Labda mwaka mwingine. Hatutamlazimisha, mama."

Nilirudi Dundori na kifuniko kwenye kikopo na Novemba kichwani.

Mugure alikichukia. Siku ya kwanza alikitoa akakitupa kwenye maji ya kuku. Siku ya pili nilikitafuta kwa magoti chini ya kitanda, nikakitoa, nikakichemshia maji, nikakiosha, nikakirudisha. Alikuwa akikivaa anakohoa, macho yanamtoka, anashika pua kana kwamba kuna mdudu ameingia. Sue alikuja mwisho wa mwezi akamwona, akaanza kulia. "Mami, wacha tu. Mwache na paipu yake, si anaishi?" Nikamwambia, "Anaishi. Lakini mimi sitaishi siku zote." Baada ya wiki tatu tulikuwa tumefika dakika nne.

Ilikuwa desturi ya hiyo kliniki kwamba mmoja wao afike nyumbani kwa mtoto mara moja, aone analala wapi na anacheza wapi. Kwetu alikuja Cheruto. Aliketi kwenye kigoda karibu na jiko, akanywa chai, akala kiazi cha kuchoma, hakusema mengi. Mimi niliendelea na kazi zangu nikiongea naye. Mugure akainua kijiko, nikampa maji. Akageuza kichwa upande wa choo, nikamfungulia mlango. Nadhani nilikuwa najionyesha kidogo.

Baada ya saa nzima Cheruto akaweka kikombe chini. "Shosho, nataka kukuambia kitu, na usinikasirikie."

"Binti yangu, kukasirika kunanichosha siku hizi. Sema."

"Hiki kifuniko si shida yake. Shida yake ni wewe."

"Mimi?"

"Unamsikia kupita kiasi. Hajagonga ushaleta. Hajataka ushajua. Huyu mtoto amekaa hapa kama malkia. Kwa nini ajisumbue kutafuta sauti na ana shosho kama wewe?"

Niliangalia chini. Miaka mitatu nimesifiwa kwa jambo hilo hilo. Nilitamani nimwambie hajui mambo ya kukaa na mtoto asiyelia kwa sauti, ambaye akinyamaza hujui kama amelala au amekwisha. Lakini nilipomwangalia Mugure, alikuwa anatungoja sisi tumalize, kijiko mkononi, amestarehe. Na nikaona. Huyo msichana alikuwa amekaa kwenye kigoda changu saa moja tu, akaona kitu nilichokuwa nimekikalia miaka mitatu.

Akanishika mkono. "Huo mkebe ulimwokoa. Hakuna mtu atakuambia vingine. Lakini sasa ujifunze kutosikia. Akigonga, usigeuke. Mpe nafasi akutafute."

"Na akikwaruza?"

"Akikwaruza, kimbia. Hiyo haibadiliki."

Nimelima nikiwa na mimba, nimezika mume, lakini sijafanya kazi ngumu kama hiyo ya kutogeuka. Anagonga mara mbili nyuma yangu, nami naendelea kuchambua maharagwe, koo langu mimi ndilo linakauka. Wiki ya kwanza alinishangaa. Wiki ya pili akaniona mjinga, akafikiri, kisha akapata njia. Akakwaruza. Nikaruka, maharagwe yakamwagika yote, nikamkuta ameketi, paipu safi, mabega yanatikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

"Wewe mjanja! Ni shosho unacheza naye?"

Kesho yake akarudia. Sikumkemea. Nikaja na mashine, nikatandika kitambaa, nikavaa glavu, nikamwambia, "Haya, lala ninyonye, si umesema imeziba?" Akatikisa kichwa, akatikisa na mikono. Hakukwaruza kwa uongo tena.

Ile chuki ya kifuniko nayo ilishindwa na kitunguu. Cheruto alikuwa amenifundisha nimvalishe wakati kuna kitu kizuri motoni. Siku hiyo nilikuwa nakaanga kitunguu kwa makaa yasiyo na moshi, nikatupia dania. Nikamvalisha, mkono wake ukapanda haraka kukitoa, halafu ukasimama njiani. Tundu za pua zikafunguka. Akaangalia sufuria. Akasogea. Nikakumbuka walivyoniambia pale kliniki, nami sikuwa nimetilia maanani: mtoto anayepumulia shingoni hewa haipiti puani, hajui harufu ni nini.

Ule mkono ulishuka. Mchana huo alizunguka boma lote akinusa. Alinusa sabuni, akanusa nyasi za ng'ombe, akanusa kuku mpaka kuku akamkimbia. Mwisho akaja kwangu, akaweka uso shingoni mwangu, chini ya leso, akavuta pumzi na pua. Akatulia hapo. Mimi nikasimama na mwiko mkononi, kitunguu kinaungua, sikuthubutu kujitikisa. Miaka yote hiyo amelala mgongoni mwangu na kifuani mwangu, na alikuwa hajui harufu yangu.

Kuanzia siku hiyo alikuwa anakidai mwenyewe asubuhi. Kufikia katikati ya Novemba alikaa nacho kutwa. Lakini sauti haikuja. Alikuwa anatoa pumzi tu, hhh, hhh. Cheruto akaniambia kwa simu nisimsukume, mtu aliyefungwa mguu tangu kuzaliwa ukimfungua hakimbii siku hiyo. Nami nikawa nahesabu siku zilizobaki.

Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeinama nachimba viazi, Mugure amekaa kwenye gunia karibu na kuku mwenye vifaranga. Akagonga mkebe mara moja. Njoo. Sikugeuka, kama nilivyoagizwa. Akagonga tena, kisha akagonga nyingi, za haraka, ambazo hazikuwa na hesabu. Nikajiambia, kaza moyo, Mugure, hajakwaruza.

Kisha nikasikia kitu. Nilifikiri ni mlango wa stoo, ule una bawaba iliyoshika kutu. Ilikuwa sauti nzito, ya kukwama, haifanani na ya mtoto. Ikakatika, ikaanza tena, ndefu. Na stoo ilikuwa mbele yangu, imefungwa.

Niligeuka. Mugure alikuwa amesimama juu ya gunia, mikono juu, mdomo wazi mpaka kilimi kinaonekana, kama alivyosimama mara zote. Na sauti ilikuwa inatoka ndani yake.

"Huuuuu! Huuuu!"

Mwewe alikuwa ameshateremka, miguu inaning'inia, naona hata kucha zake za njano. Akasikia. Akapiga bawa moja, akakata kona hewani juu ya vifaranga, akapanda kuelekea kwenye miti ya mtarakwa. Mwewe mzima, aliyekuwa anashuka kama jiwe, amegeuzwa na mtoto wa kilo kumi na tatu.

Na ng'ambo ya bonde Zeddy akaudaka, kama ilivyo desturi. "Huuui! Huuui!" Akaudaka mzee Kimeli anayekaa juu zaidi, wakaudaka wanawake wa kule kwenye karoti, ukaenda ukizunguka bonde, nyumba kwa nyumba, mpaka sikuweza kusikia mwisho wake. Nilisimama na jembe. Hawakujua wanabeba nini. Walikuwa wanaibeba sauti ya Mugure, ile ya kwanza kabisa, na kuipeleka mbali mahali hata mimi sijawahi kufika.

Zeddy akaita, "Shosho! Ni wewe umeanza?"

"Si mimi!"

"Ni nani basi?"

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye viazi. Mugure alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili, anaangalia mwewe alikoenda, kisha ananiangalia mimi, kama mtu aliyevunja kitu cha wenyewe. Akajaribu tena polepole, kwa siri. "Huu." Akasikia. Macho yakawa makubwa. "Huu," akarudia, na hapo akacheka, na kicheko nacho kilikuwa na sauti.

Siku ya kliniki nilimvalisha gauni la manjano. Wote sita walikuwepo. Wakamwangalia, wakasikiliza kifua, wakampima masikio. Kifuniko alikuwa amekivaa tangu asubuhi. Kosgei akasema, "Naona hewa inapita. Lakini ningependa kusikia mwenyewe. Mugure, hujambo?"

Kimya.

Cheruto akamwonyesha picha ya ng'ombe. Kimya. Daktari wa usingizi akamwuliza jina lake. Mugure akaangalia viatu vyake. Mimi maneno yalikuwa yamejaa mdomoni: ni aibu tu, nyumbani anasema, jana amesema "Sho," ameita na kuku. Nikauma ulimi. Nikaweka mikono chini ya mapaja. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na sista Wawira alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, ile karatasi ya kuamua.

"Mama," akasema Kosgei, "tuambie vile ilitokea nyumbani."

Nikawaambia habari ya mwewe, kwa kifupi. Kosgei alisikiliza, kisha akasukuma kiti chake nyuma. Mtu mkubwa hivyo, daktari wa kupasua, akashuka chini kwa magoti, akashika pindo za koti lake jeupe kwa mikono miwili, akazifungua kama mabawa. Akaanza kuzunguka meza kwa magoti, polepole, kichwa kimeinama, akielekea kwa mwanasesere wa kitambaa ambaye Mugure alikuwa amemwacha sakafuni. Bawa moja likapita juu ya mwanasesere.

"Huuuui!" Mugure akaruka mbele, mikono juu. "Huuui! Toka!"

Kosgei akarudi nyuma mpaka ukutani, amekunja mabawa, ameshindwa kabisa. Yule mzee wa usingizi alivua miwani akaifuta. Cheruto alikuwa ameziba mdomo kwa faili. "Toka" hata mimi nilikuwa sijawahi kuisikia.

"Andika, sista," akasema Kosgei, bado yuko sakafuni. "Jumatatu alazwe."

Walimlaza siku nne. Paipu ikazibwa, na mashine ikamhesabia hewa mchana na usiku, na kila mmoja wao alikuja kwa zamu yake kuangalia zile namba. Siku ya nne walikuja wote. Kosgei akakata ule utepe mweupe, akamwambia Mugure akohoe, akavuta. Hivyo tu. Nilikuwa nimefikiri kitu kilichotutawala miaka mitatu na zaidi kitakuwa kikubwa kikitoka. Kilikuwa kirefu kama kidole cha mtoto. Akafunika kile kishimo kwa bandeji, akasema kitajifunga chenyewe polepole, kisipojifunga watakishona.

Halafu watu wote wale wakasimama kuzunguka kitanda bila kusema neno, na tukamsikiliza mtoto akipumua na pua. Ilikuwa sauti ndogo sana. Ungekuwa unaongea usingeisikia.

Tulipoambiwa tunaenda nyumbani tuliketi kwenye korido kungoja karatasi, pale pale tulipoketi siku ya kwanza. Mugure alikuwa ameuegemea mkono wangu, ananusa machungwa ya mtu. Sista Wawira akatoka na faili, akaangalia huku na huku.

"Mugure!"

Nikasimama. Nikafungua mdomo.

"Niko," ikasema sauti nzito nzito hapa chini, karibu na kiuno changu.

Nikakaa.